Chungu cha Maharage na Chanzo cha Mto Nile

Hapa kwetu Kihanga maharage huchelewa kuiva. Mgeni aliyezoea kupika Dar es Salaam au Tanga huliona jambo hili katika siku zake za mwanzo, na mara nyingi husingizia maharage yenyewe kuwa ni ya zamani, au kuni kuwa ni mbichi. Sisi wenyeji hatubishani naye. Tunajua kwamba chungu cha jioni huinjikwa mchana, na kwamba mtu asiye na subira heri aanze na ndizi.

Sababu haipo katika maharage wala katika kuni. Ipo katika maji. Vilima vya Karagwe vipo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, vingine zaidi ya hapo, na katika urefu huo maji huchemka yakifika digrii 95 hivi za Sentigredi, si 100. Ukichochea moto zaidi maji yatatokota kwa kelele na kupungua chunguni, lakini joto lake halitapanda. Kuni za ziada zinageuza maji kuwa mvuke, basi. Maharage yanapikwa kwa joto la digrii 95, upende usipende, na kwa hiyo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko yale ya pwani.

Nimeishi na jambo hili dogo muda mrefu, kwanza kama mtoto wa kutumwa kuni, halafu kama mwalimu wa sayansi, na sasa kama mzee mwenye vitabu vichache na wakati mwingi. Katika kurasa hizi nataka kumwonyesha msomaji kwamba jambo hilohilo la chungu cha maharage liliwahi kuwa katikati ya ugomvi mkubwa kuliko yote ya jiografia ya Afrika katika karne ya 19, na kwamba njia ya ugomvi huo ilipita hapa Karagwe.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Hewa ina uzito. Sisi tunaotembea chini ya mbingu tunaishi kama samaki walioko sakafuni mwa ziwa, na juu ya vichwa vyetu kuna bahari ya hewa. Mwitalia Evangelista Torricelli alilionyesha hilo katika miaka ya 1640 kwa mrija wa kioo uliojaa zebaki. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, aupandishe mrija wa namna hiyo juu ya mlima Puy de Dôme. Kadiri Périer alivyopanda ndivyo zebaki ilivyoshuka, maana hewa iliyobaki juu yake ilikuwa imepungua. Hapa kwetu mtu anayekunywa rubisi kwa mrija hudhani anaivuta pombe. Kwa kweli yeye anapunguza hewa iliyomo mrijani tu. Hewa ya nje, iliyoukalia uso wa pombe kibuyuni, ndiyo inayoisukuma ipande hadi kinywani. Mzee wetu aliyekunywa kwa mrija alikuwa na kifaa cha Torricelli mkononi.

Mgandamizo huo wa hewa, ambao vitabu vya shule huuita kanieneo, huyakalia pia maji yaliyo chunguni. Maji hayawezi kuchemka mpaka mvuke unaotengenezwa ndani yake upate nguvu ya kuushinda mzigo huo na kutengeneza mapovu. Pwani mzigo ni mzito, hivyo maji lazima yapate joto hadi digrii 100. Huku kwetu mzigo ni mwepesi, maji yanaachiliwa mapema. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa digrii moja ya Sentigredi. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka yakiwa na digrii 80 na kitu tu. Ufaransa huohuo ulimtoa mtu mwingine, Denis Papin, aliyebuni mwaka 1679 chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, ambacho huuzuia mvuke usitoke na hivyo kuongeza mgandamizo. Mjukuu wa chungu hicho ndiye sufuria ya presha tunayoiona madukani. Jani la mgomba ambalo mama zetu hufunikia chungu halifanyi kazi hiyo, ila linazuia joto lisipotee bure, na hilo pia ni kuni zilizookolewa.

Sasa geuza hesabu. Ikiwa urefu wa mahali unaamua joto la maji yanayochemka, basi joto la maji yanayochemka linaweza kukuambia urefu wa mahali. Huna haja ya kuburuta kamba kutoka pwani. Unahitaji moto, maji na kipimajoto. Hivyo ndivyo wasafiri wa Kizungu walivyopima bara letu.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ziwa Tanganyika. Kiongozi na mkalimani wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Vipimajoto vyao bora vilikuwa vimekwisha kuharibika njiani, wakabaki na kile cha kupimia maji ya kuogea. Wakachemsha maji, wakasoma, wakapata kwamba Tanganyika ipo futi 1,844 juu ya bahari. Baadaye Burton alibaki Tabora, na Speke akaenda kaskazini bila yeye. Tarehe 3 Agosti 1858 aliona ziwa jingine huko Mwanza. Akachemsha maji tena, akapata futi 3,740. Akaamua palepale kwamba hilo ndilo chanzo cha mto Nile, na akalipa jina la malkia wake, Victoria. Burton hakukubali. Wawili hao walirudi kwao wakiwa hawapatani.

Speke alirudi Afrika mwaka 1860 akiwa na James Augustus Grant, na mwezi Novemba 1861 wakafika Karagwe. Waliingia katika nchi iliyokuwa na Mukama wake na utaratibu wake. Rumanyika aliwapokea vizuri katika makao yake ya Bweranyange, na vitabu vya wageni wote wawili vinakiri ukarimu huo. Akaongea na Speke habari za nchi za magharibi, za maziwa na milima ambayo Mzungu alikuwa hajaiona. Grant aliugua mguu, akashindwa kutembea, akabaki mgeni wa Rumanyika kwa miezi kadhaa baada ya mwenzake kuendelea na safari ya Buganda.

Njiani kwenda Buganda, Januari 1862, Speke alivuka Kagera, ambao yeye aliuita Kitangule. Aliuandika vizuri. Aliona mto wa upana wa yadi 80 hivi, uliozama kati ya kingo zake kama mfereji mkubwa, wenye kina ambacho upondo wa wapiga mtumbwi haukuweza kugusa chini, na mwendo wa maili tatu hadi nne za baharini kwa saa. Mwalimu yeyote wa sayansi ataona kilichomshangaza. Mto huo huo, unapopita katika mafunjo na vinamasi, huenea na kulala kana kwamba hauendi kokote. Maji ni yaleyale. Yakipewa nafasi hutandaa na kutembea polepole, yakibanwa huenda mbio au huchimba kina, maana kiasi kinachoingia juu lazima kitoke chini. Mtu aliyeuona Kagera kwenye mafunjo tu anaweza kuudharau. Aliyeuona penye mfereji wake anajua ni mto mkubwa kuliko mito yote inayoingia katika Ziwa Victoria.

Tarehe 28 Julai 1862 Speke akasimama mahali ambapo Nile inatoka ziwani, karibu na mji wa Jinja wa leo, penye maporomoko aliyoyaita Ripon. Hapo pia kipimajoto kilisomwa. Safari hii kikampa futi 3,308.

Msomaji makini amekwisha kuona tatizo. Ziwa moja, vipimo viwili: futi 3,740 kusini na futi 3,308 kaskazini. Tofauti ni futi 432. Maji yaliyotulia hayakai hivyo. Maji hujisawazisha, na uso wa ziwa hauwezi kuwa kilima upande mmoja na bonde upande wa pili. Burton aliiona nafasi hiyo akaitumia bila huruma. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 alidai kwamba Speke hakuona ziwa moja, bali maziwa mbalimbali ambayo ameyaunganisha kwa wino tu katika ramani yake. Chanzo cha Nile, akasema, huenda ni Tanganyika.

Hoja ya Burton juu ya tabia ya maji ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa katika kipimajoto. Digrii moja ya Farenhaiti katika kazi hii ni sawa na futi 500 na ushei. Kwa maneno mengine, tofauti yote iliyowagawa wataalamu wa London kati ya ziwa moja na maziwa mengi haikufika hata digrii moja ya Farenhaiti. Unene wa mstari katika kioo, hali ya hewa ya siku ile, mkono wa mtu mwenye homa, vyote hivyo vinatosha kuleta tofauti kama hiyo. Leo tunajua uso wa ziwa upo karibu mita 1,134, yaani futi 3,720. Kipimo cha Mwanza cha mwaka 1858 kilikosea kwa futi 20 tu, na kile cha Ripon, kilichofuata kwa matayarisho makubwa zaidi, kilikosea kwa futi zaidi ya 400. Bahati nayo ina sehemu yake katika sayansi.

Mdahalo wa Burton na Speke ulipangwa kufanyika katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Watu wanabishana hadi leo kama ilikuwa ajali au la. Ugomvi ukabaki bila mwamuzi.

Basi swali la Tanganyika liliamuliwaje? Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Kipimo cha Tanganyika cha mwaka 1858 kilikuwa kibaya kuliko vyote viwili vya Victoria. Ziwa hilo lipo kiasi cha futi 2,530, wala si 1,844. Kosa la karibu futi 700 ni kosa la digrii moja na robo tu. Mwaka 1864 Samuel Baker alifika ziwa jingine, Albert, ambalo Nile hupitia, naye akachemsha maji, akapata futi 2,720. Kwa takwimu hizo Tanganyika lilikuwa chini ya Albert, na maji hayapandi mlima, kwa hiyo Tanganyika halingeweza kuwa chanzo cha Nile. Jibu hilo ni la kweli, lakini hesabu yake ni ya uongo. Albert lipo chini zaidi ya alivyodhani Baker, kiasi cha futi 2,030, na Tanganyika lipo juu yake. Kwa vipimo sahihi tulivyonavyo leo, urefu peke yake usingelizuia Tanganyika kumwaga maji Albert.

Kilichoamua ni kitu kingine kabisa. Kaskazini mwa Tanganyika kuna mto Ruzizi. Kama mto huo unatoka ziwani, Burton ana hoja. Kama unaingia, hana. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipiga makasia hadi hapo wakatazama mkondo. Ruzizi unaingia. Shauri likaisha kwa watu wawili kutazama maji yanakokwenda.

Lakini hawakuwa wa kwanza kulijua. Mwezi Aprili 1858, miaka 13 kabla, Burton na Speke walifika Uvira, si mbali na mdomo wa mto huo. Hapo awali mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliyekutana na Speke katika kisiwa cha Kasenge alikuwa amesema Ruzizi unatoka ziwani. Watu wa Uvira, waliokuwa wakiishi kando yake, walisema unaingia. Burton mwenyewe aliyaandika maneno yao. Miaka sita baadaye, alipohitaji hoja ya kumpinga Speke, aliyaweka kando, akashika kipimajoto.

Sisemi haya ili kukidharau kipimajoto. Nimekifundisha kwa miaka mingi na ninakiheshimu. Nasema kwamba kipimo ni ushahidi mmoja, na neno la mtu anayechota maji mahali hapo kila asubuhi ni ushahidi mwingine. Mwenye busara huvipima vyote viwili. Karne ile iliupa namba uzito ambao haukuupa ulimi wa mtu wa Uvira, na ikalipa kwa miaka 13 ya kubishana bure.

Tabia hiyo haikufa na karne ile. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, tulikuwa tumepata vipimajoto vichache. Nikawaambia wanafunzi wachemshe maji na kuandika walichosoma. Wote walipata 95 au karibu na hapo. Baadhi walirudisha vipimajoto wakisema ni vibovu. Muda si mrefu ukaja mtihani uliotungwa nje ya shule, na swali moja likauliza maji huchemka kwa digrii ngapi. Kijana mmoja, aliyekuwa makini kuliko wenzake, akaandika 95. Msahihishaji akampa sifuri. Alikuja kwangu na karatasi mkononi, bila hasira.

“Shikamoo Mwalimu,” akasema. “Naomba kuuliza. Mtihanini niandike nilichokisoma au nilichokiona?”

Nilimwambia aandike vyote viwili: digrii 100 katika usawa wa bahari, na 95 hapa petu, na sababu yake. Alitikisa kichwa polepole. “Nafasi waliyoacha ni ya namba moja, Mwalimu.”

Jibu lake limenikaa moyoni kuliko mambo mengi niliyosoma. Nafasi waliyoacha ni ya namba moja. Mtoto aliyezaliwa juu ya vilima hivi anafundishwa kwamba maji ya kweli ni yale ya pwani, na kwamba yale ya chungu cha mama yake yana kasoro. Akikubali, atapata alama yake, lakini atakuwa amefundishwa kutoamini macho yake.

Nchi yetu imewahi kumpata kijana aliyekataa somo hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliweka maziwa yake katika jokofu yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale yasiyokuwa moto. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulipima, akalipima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na lini, na kwa nini. Wengine waliorudia majaribio hawakuliona. Hilo halimpunguzii kijana yule heshima. Swali lake lilistahili jiko na kipimajoto, na alipata kicheko kwanza.

Kuhusu mto wetu, hadithi iliendelea. Stanley alipita Karagwe mwaka 1876, akamkuta Rumanyika akiwa mzee, akausifu Kagera kuwa ndio mzazi halisi wa Ziwa Victoria. Wajerumani wakaufuata juu zaidi. Richard Kandt aliufikisha mwaka 1898 hadi kijito cha Rukarara katika msitu wa Nyungwe, Rwanda. Mwaka 1937 Burkhart Waldecker aliufuata mkono wa Ruvubu hadi chemchemi ndogo kusini mwa Burundi, na piramidi ndogo ikajengwa juu yake. Hivyo maji yale aliyoyavuka Speke kwa mtumbwi, akiyaona kama mto unaolishwa na mvua za milimani, ndiyo yenyewe mwanzo wa Nile wa mbali kabisa upande wa kusini. Alikuwa akivuka kitu alichokuwa akikitafuta.

Siku hizi nikiwa safarini navuka Kagera pale Kyaka, penye daraja lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na kisha kujengwa tena. Gari likipunguza mwendo huwa natazama chini. Maji ni ya udongo, mazito machoni, yanakwenda upande mmoja tu bila kusitasita. Safari ya mwisho nilikaa karibu na msichana wa sekondari mwenye sare, kitabu cha jiografia mapajani. Nilimwuliza mto huu unaelekea wapi. Hakufungua kitabu. Aliinama dirishani, akatazama, akaninyooshea kidole.